Mwalimu wa Mara Ngapi

Kwa miaka yote aliyokaa Kasulo, sikumwona hata siku moja akimaliza kikombe cha chai. Ukimkaribisha atakaa, atapuliza, atapiga mafunda mawili matatu, kisha atainuka kana kwamba ameitwa na mtu nje, na huyo barabarani. Mama yangu, aliyetengana naye kwa ua wa minyaa tu, mwishowe alichoka kumwaga chai akawa anamjazia kikombe nusu. Hata hiyo nusu aliiacha na nusu yake. Mama alisema yule mzee ana siafu kwenye suruali, na mimi sijapata maelezo mazuri kuliko hayo.

Alinifundisha somo la Biashara katika sekondari moja ya Biharamulo, na alipostaafu akawa jirani yetu. Jina lake analo, na watu wa ofisini wanalijua. Kwetu alikuwa Mwalimu basi, na tulipokuwa na hakika kwamba hasikii, alikuwa Mara Ngapi.

Jina hilo alilipata kwa haki. Darasani hakusimama mbele ya ubao zaidi ya muda wa kuandika mstari mmoja. Alitembea kati ya madawati, nyuma na mbele, huku akitafuna michembe aliyokuwa akiitoa mfukoni, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo mkewe alimtumia kwa mfuko mzima. Ulikuwa unasikia kwanza kule kutafuna nyuma ya shingo yako, kisha swali. Ng'ombe anauzwa laki sita, atasema. Maziwa na ndama wake, ukiondoa dawa na mchungaji, vinakupa laki moja kwa mwaka. Umelipa faida ya miaka mingapi? Tunajibu sita. Basi huyo ni ng'ombe wa mara sita, atasema, na akitokea mwingine wa sura ileile, afya ileile, kwa mara nne, mnasubiri nini?

Kutoka kwa ng'ombe alituvusha hadi kwenye hisa bila hata kubadilisha sauti. Bei ya hisa moja, gawanya kwa faida inayoangukia hisa hiyo moja kwa mwaka, umepata mara ngapi. Alitufundisha kwamba hisa ya shilingi mia mbili inaweza kuwa ghali na ya elfu mbili ikawa rahisi, kwa sababu bei peke yake haisemi kitu mpaka uiulize inanunua nini. Wengi wetu hatukuwahi kuona hisa wala aliyewahi kuiona. Lakini tulijua ng'ombe, kwa hiyo tulielewa, na mpaka leo mimi nafundisha somo hilohilo Nyarubungo kwa ng'ombe walewale. Nimejaribu kutumia mifano ya kitabuni. Wanafunzi walinitazama tu.

Alikuwa mkali juu ya jambo moja: usilinganishe visivyolingana. Ukimwambia kwamba kampuni fulani ya bia inauzwa mara kumi na tano na ya mafuta mara tano, kwa hiyo ya mafuta ni rahisi, alikuwa anashika kichwa. Ng'ombe kwa ng'ombe, alisema, mbuzi kwa mbuzi. Mafuta yana mambo yake. Bei yake inapangwa mbali, inapanda na kushuka bila kutuuliza, na faida ya mwaka wa neema inaweza isirudi tena kwa muda mrefu. Ng'ombe asipimwe wakati wa majani mabichi peke yake, maana wakati huo kila ng'ombe ni mzuri. Haya aliyasema mwenyewe, kwa kinywa chake, nami niliyaandika kwenye mtihani nikapata alama zote.

Sasa nikueleze kituko. Mtu huyu, Msukuma wa kutoka upande wa Shinyanga, aliyejaza vichwa vyetu ng'ombe, alikuwa anaogopa ng'ombe. Si kuogopa kidogo. Akikutana na kundi njiani alishuka kwenye baiskeli na kuingia shambani kwa watu mpaka lipite. Walisema alipigwa teke utotoni, na baba yake akaona heri ampeleke shule. Wanaume wenzake wa Kaniha, kijijini kwake, wote wahamiaji kama yeye waliokuja kufuata malisho, walikaa jioni kwenye mazizi wakizungumza, na yeye alikuwa anawasalimia kwa mbali, mkono juu, bila kusimama. Tulilicheka jambo hilo miaka na miaka. Hatukujua kwamba litakuja kumgharimu.

Kipimo chake cha mara alikipeleka kila mahali. Gulioni Kasulo alimshika kuku jike miguu, akamuuliza mama muuzaji anataga mayai mangapi kwa mwezi, na yai moja sasa ni bei gani, akawa anapiga hesabu hewani kwa kidole. Yule mama, Mhangaza mwenye subira zake, alimwacha amalize. Kisha akamwambia, "Mwalimu, huyu kuku ni wa mchuzi. Gawanya kwa mchuzi." Soko zima lilicheka na yeye akacheka kuliko wote, akamnunua bila kupunguziwa hata shilingi. Mwezi mzima aliirudia hadithi hiyo dhidi yake mwenyewe. Alikuwa na moyo wa namna hiyo, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumkasirikia hata pale alipostahili.

Na alistahili. Mkewe alikuwa Kaniha.

Huyu mama, ambaye nasi tulimwita Mama Mwalimu ingawa hakuwahi kufundisha, ndiye aliyelima, aliyefuga, aliyekausha michembe, na aliyelala miaka yote hiyo katika nyumba ya udongo iliyokuwa imeegemea upande mmoja. Mumewe alikuwa amemwahidi nyumba ya matofali ya kuchoma siku atakayostaafu. Hakuwa mwanamke wa kusubiri mikono mitupu. Muda mrefu kabla ya siku hiyo alikwisha kufyatua matofali, akakodi watu wa tanuru, akayachoma, akayapanga kando ya uwanja na kuyafunika kwa nyasi. Kilichobaki kilikuwa bati, saruji na fundi. Hicho ndicho kilitakiwa kutoka kwenye kiinua mgongo.

Kiinua mgongo kikatoka, na Mwalimu akanunua hisa za kampuni ya mafuta.

Kampuni yenyewe sitaitaja. Hesabu yake niliiona, na ilikuwa safi. Kampuni nyingine za kuuza mafuta zilikuwa zinauzwa mara nane, mara tisa ya faida yao. Hii ilikuwa mara nne. Alisema soko limesinzia, litaamka, na likiamka bei itakuwa maradufu, na hapo Mama atajengewa nyumba yenye dari na baraza pande mbili badala ya kibanda cha vyumba viwili. Aliniambia hayo akitembea uwanjani kwetu, mimi nikimfuata nyuma kama kifaranga. Nilimwamini. Mwalimu wako akikuonyesha hesabu uliyoisoma kwake, utaanzia wapi kubisha?

Mama Mwalimu hakubisha pia. Aliuliza swali moja tu, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akishangaa. "Hizo hisa, mvua ikinyesha, mtu analala chini yake?"

Wakati huo alikwisha kuhamia Kasulo. Wengine walidhani wamegombana, lakini sivyo. Alipanga chumba karibu na barabara kuu kwa sababu malori ya mafuta yanapita pale yakienda mpakani Rusumo na ng'ambo, na yeye alitaka kuyaona. Kampuni yake ilikuwa na rangi yake, na matenki ya rangi hiyo yakipita kwa wingi, siku ilikuwa njema. Alimsalimia kila mtu, akanunua karanga akagawa. Yakipungua, alikuwa hakamatiki. Alitembea mpaka kwenye kizuizi cha magari na kurudi, mpaka kizuizini na kurudi, akiuliza kama daraja limekatika huko nyuma. Madereva waliosimama kula aliwaendea na maswali: mmepakia wapi, mnashusha wapi, wenzenu wako nyuma? Walidhani ni mtu wa mapato aliyevaa kiraia. Walimpa shikamoo na majibu mafupi, kisha wakaondoka kabla nyama haijaiva.

Nilikuwa naumia kidogo kumwona vile, na nilikuwa natamani kwenda naye. Mimi mwenyewe si mtu wa kutulia. Nadhani nililichukua kwake pamoja na somo. Likizo nilipokuja nyumbani nilijikuta jioni natoka kwenda barabarani kuhesabu rangi ile, na Mama yangu akatuita sote wawili vichaa wa barabara. Mwalimu alikuwa anasema kwamba bei ni maneno ya watu, faida ndiyo kazi ya watu, na sisi tunaangalia kazi. Lilikuwa neno zuri. Shida ni kwamba aliliamini mno.

Kisha mafuta yakapanda bei duniani. Sote tuliona kwenye nauli. Kampuni ikatangaza faida kubwa kuliko yote iliyowahi kupata, na bei ya hisa ikapanda kidogo tu, kwa hiyo ile mara nne ikashuka kuwa mara tatu. Mwalimu alikuja kwetu asubuhi hata hajafunga vishikizo vyote. Mara tatu, alisema, mara tatu, wenzake mara tisa, je watu hawana macho? Sikumkumbusha ng'ombe na majani mabichi. Nilidhani analijua, kwa kuwa ni lake. Akauza magunia yote ya mahindi yaliyokuwa Kaniha, yale ambayo Mama Mwalimu aliyahifadhi kwa ajili ya saruji, akaongeza hisa.

Nilipita Kaniha wiki chache baadaye nikiwa njiani kwenda kazini. Matofali yalikuwa yameota majani. Nyasi za juu zilikuwa zimeoza, mvua imeingia, na safu ya chini imeanza kumeguka. Nilimkuta Mama Mwalimu akihamisha yale mazima kuyaweka juu ya magogo, nikavua viatu nikamsaidia. Hakulalamika. Aliniuliza kama Mwalimu anakula, kama bado anakohoa, akanipa michembe yake nimpelekee nitakaporudi Kasulo. Nikamuuliza kwa nini asimwambie wazi auze, ajenge. Akasema amekwisha kumwambia, na mtu mzima haambiwi kila siku. Kisha akaniaga, maana alikuwa na safari ya Nyarubungo kumwona mdogo wake wa kiume. Alikuwa na safari hizo mara kwa mara. Hata mimi nilimwona huko siku moja nikitoka shuleni, amesimama na fimbo kwenye njia ya mto, anaangalia ng'ombe wa mdogo wake wakinywa maji. Nilimsalimia, tukazungumza habari za mvua, nikaenda zangu.

Hapa ni lazima nieleze desturi moja, ingawa watu wa huku hawahitaji kuelezwa. Kwa wafugaji wale, ng'ombe walioko kwenye zizi la mtu si lazima wawe wake. Mwenye mali hawaweki ng'ombe wake wote mahali pamoja, maana ugonjwa ukipita atabaki na fimbo. Huwagawa, huyu kwa shemeji, wale kwa rafiki. Anayewatunza anakunywa maziwa, anatumia samadi, na baada ya muda anapewa ndama wake wa ahsante. Lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na siku akiwataka anakuja kuwaswaga. Kwa hiyo unaweza kumwona mtu ana zizi linalofurika na kumbe yeye mwenyewe ana mitamba wawili. Hili watoto wanalijua kabla ya kujua kusoma, kwa kukaa zizini na kusikia wakubwa wakitaja: huyu wa fulani, yule wa fulani.

Mwalimu hakukaa zizini.

Turudi Kasulo. Mama yangu alikuwa mwekahazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, kinachokutana uwanja wa kanisa. Mwaka wao ulikuwa unaisha, wakati wa kugawana, na baadhi yao, kwa kumsikiliza Mwalimu ng'ambo ya ua, walitaka wasigawane. Walitaka fedha yote inunue hisa za mafuta. Mwalimu alikwisha kuwafundisha kile kipimo cha mara ngapi, na walikifahamu kuliko baadhi ya wanafunzi wangu. Siku ya uamuzi ikapangwa. Ada za watoto zilikuwa humo, na mbegu za msimu, na mabati ya mjane mmoja.

Siku mbili kabla, lori la rangi yake liliharibika tairi mbele ya chumba chake, na Mwalimu kwa mara ya kwanza akapata dereva asiyeweza kumkimbia. Alimshikia jeki, akamletea maji, akamsifia gari jipya na kampuni inayonunua magari mapya kila mwaka. Dereva, mikono imejaa grisi, akamjibu kwamba gari ni la benki. Yote haya mapya ni ya benki, alisema, na kila mwezi lazima yakate safari kadhaa kabla kampuni haijaona kitu. Na yale matenki ya kuhifadhia kule bandarini, anasikia ni hivyohivyo.

Mama yangu anasema Mwalimu alisimama na jeki mkononi. Alisimama kabisa, asitembee. Ndipo Mama alipojua kuna jambo.

Taarifa ya mwaka ya kampuni alikuwa nayo tangu zamani, imechakaa kwa kushikwa, lakini alikuwa anafungua palepale pa faida. Sasa akafungua pa madeni. Nilikuwa nyumbani wikiendi ile, akaniita nimsomee tarakimu ndogo kwa kuwa miwani yake ilikuwa na ufa. Tukachukua bei ya kampuni nzima kwenye soko, tukajumlisha madeni yake yote, kama mtu anayenunua zizi pamoja na masharti yake, tukagawanya kwa faida kabla haijatolewa riba. Ile mara tatu ikawa inakaribia mara tisa, sawasawa na wenzake wasio na madeni. Hapakuwa na usingizi wowote wa soko. Tena faida yenyewe ilikuwa ya majani mabichi: walikuwa na mafuta waliyonunua bei ikiwa chini, wakayauza bei ikiwa juu, na jambo hilo halijirudii kwa kupenda.

Jumapili akaenda uwanja wa kanisa kabla akina mama hawajapiga kura. Hakuwa mwanachama, na mwenyekiti alitaka kumzuia. Alizungumza akizunguka duara la mikeka, na akipata joto "r" zake zilianza kugeuka "l", jambo lililokuwa linatuchekesha shuleni. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Niliona zizi limejaa, nikahesabu maziwa," alisema. "Sikuuliza ng'ombe ni wa nani. Gawaneni pesa yenu, akina mama. Niliwafundisha nusu."

Nilijivunia. Naliandika hili bila haya: nilijivunia kuliko siku niliyopata cheti changu. Watu wangapi unaowajua wangesimama mbele ya wake za watu, wazee kwa wasichana, na kujikosoa hivyo, wakati wangeweza kunyamaza tu? Wakagawana. Yule mjane akaezeka. Kisha Mama yangu, ambaye hana staha ya kuzunguka maneno, akamuuliza mbele ya wote kama na yeye sasa atauza zake akajenge Kaniha.

Akasema hapana. Yeye amekwisha ingia, alisema, na bei imeanza kuteleza. Atasubiri irudi pale aliponunulia, kisha atoke.

Hilo ndilo sikuweza kumsamehe kwa muda mrefu. Kwa sababu ni yeye, kwa kalamu yake nyekundu, aliyenikata alama kidato cha tatu kwa kuandika jibu la namna hiyo, akaandika pembeni kwamba soko halijui ulinunua kwa bei gani na wala halina haja ya kujua. Nilimkumbusha. Nilimfuata barabarani nikamkumbusha neno kwa neno, na nilikuwa nimekasirika. Alinisikiliza akitembea, akasema niko sahihi, akaongeza mwendo.

Bei haikurudi. Mafuta yalishuka duniani, faida ikanywea, na hisa zikashuka pia lakini si kwa kiasi hicho, kwa hiyo sasa kitu kilekile kilichokuwa mara tatu kikawa mara kumi na nne, cha bei ndogo na ghali zaidi. Darasani huo ungekuwa mfano wake bora. Hakuutumia. Aliacha kwenda barabarani mchana, akawa anatembea kwenye mashamba ya migomba nyuma ya nyumba, na michembe ikawa inakaa kwenye mfuko mpaka inaingia wadudu. Kaniha hakwenda. Nilijua sababu bila kuambiwa: njia ya kuingia nyumbani kwake inapita kando ya yale matofali.

Kiangazi kilichopita nikapata ujumbe wake kwenye simu. Aliandika "Njoo Kaniha" na hakuandika kitu kingine. Nikampigia, hakupokea. Nikawaza yote ambayo mtu huwaza. Nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule na kupanda bodaboda, na njia nzima nilikuwa namwambia kijana aongeze mwendo na hapohapo namwambia atatuua.

Uwanjani hapakuwa na matofali.

Nyumba ilisimama pale ilipokuwa ile ya udongo, imeezekwa bati linaloumiza macho. Mama Mwalimu alikuwa mlangoni ananawa mikono. Nikampa shikamoo, akaitikia, na bila shaka alikuwa anausubiri uso wangu, maana alianza kucheka kabla sijauliza.

Alikuwa na ng'ombe. Miaka yote ile alikuwa na ng'ombe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala Kaniha. Alianza na mtamba mmoja aliyepewa na baba yake alipoolewa, akamweka kwa mdogo wake Nyarubungo, akazaa, na waliozaliwa wakazaa, wengine wakapelekwa kwa jamaa mwingine huko mbele, kama mama yake alivyofanya na bibi yake kabla yake. Hakuficha. Mwalimu hakuuliza tu, na mtu anayeingia shambani akiona pembe humwambii habari za ng'ombe wakati wa kula. Alimsubiri kwanza atimize ahadi yake, kwa sababu ahadi ilikuwa ya mume, na hakutaka kumnyang'anya. Lakini matofali yalikuwa yanakwisha. Msimu mmoja zaidi angekuwa na lundo la udongo. Akaenda Nyarubungo, akaswaga waliotosha, akauza, akaita fundi. Bati la mwisho lilipopigwa misumari, akatuma mtu Kasulo kumwambia Mwalimu arudi nyumbani.

Nilimuuliza yuko wapi. Akaelekeza ndani kwa kidevu.

Chumba cha kwanza kilinishangaza. Kilikuwa chembamba na kirefu, kirefu kupita kiasi, kinaanzia ukuta wa mbele mpaka wa nyuma, mfano wa darasa lililokatwa katikati. Vyumba vya kulala vilikuwa vimebanwa upande mmoja kwa ajili yake. Na Mwalimu alikuwa humo, anatembea. Alikwenda mpaka mwisho, akageuka, akarudi. Alikuwa amekonda, na ameuweka mkono mmoja nyuma kama alivyokuwa akitembea kati ya madawati yetu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekiona chumba?"

Nikasema nimekiona. Akaniambia kwamba fundi aligoma. Fundi alisema sebule ya namna hii hajaijenga popote, inakula matofali bure, na akataka kuigawa mara mbili ipatikane stoo. Mama akamkatalia. Alimwambia fundi kwamba mume wake si mtu wa kukaa, na kwamba mvua za huku ni ndefu.

Mwalimu aliyasema hayo akiwa amenipa mgongo, anaelekea ukuta wa mwisho. Alipogeuka nikaona macho yake, nikatazama pembeni.

Nikamuuliza kama hisa bado anazo. Akasema anazo, na Mama amemwambia azishike au aziuze, shauri yake, hazina kazi hapa. Akatembea tena. Kisha akasimama mbele yangu, akapapasa mfuko kutafuta michembe, hakuipata.

"Nimejaribu kumpigia hesabu yule mama," akasema kwa sauti ya chini. "Hii nyumba, hiki chumba, miaka yote ile. Kila usiku najaribu. Sipati cha kugawanyia."

Mama Mwalimu akaingia na chai. Hakumwambia akae. Alimpa kikombe mkononi, kimejaa mpaka ukingoni, na yeye akaendelea na safari yake, anapuliza, anakunywa, anageuka. Mama akaketi kwenye kigoda na ungo wa maharage, na kila mumewe alipokaribia alivuta miguu yake kidogo kumpisha, bila kuinua macho. Tulizungumza habari za shule na za mama yangu. Sikumbuki yote tuliyosema, kwa kuwa nilikuwa nakitazama kile kikombe. Alipokiweka chini karibu na ungo, kilikuwa kitupu.